Majani ya Njiani na Konseri ya Baraka

Je, unaweza kutaja majina kumi ya majani yanayoota kati ya mlango wa nyumba yako na pahali unapochota maji? Sisemi mihogo wala mahindi uliyoyapanda mwenyewe. Ninasema yale yanayoota yenyewe, bila mtu kuyaita. Mimi niliulizwa swali hilo na mtoto wangu wa miaka tisa. Nikataja sita, nikakwama. Na mimi nilizaliwa hapa hapa Makobola, tena kuna wakati majani hayo yalikuwa chakula pekee tulichokuwa nacho.

Mambo yenyewe yalianza kwa sababu ya pine ya motokari.

Ilikuwa siku ya posho, mwisho wa mwezi wa tano mwaka wa 2023, na kesho yake ilikuwa Pentekoste. Kwaya ya vijana wa kanisa letu ilikuwa imealikwa kuimba Baraka pamoja na kwaya zingine, konseri ya mchana mzima katika uwanja wa masomo. Binti yetu wa pili, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa ametangulia na wenzake juu ya lori. Sisi tuliobaki tulisema, safari hii hatutangoja kuhadithiwa. Tukaenda wote: mimi, mama watoto, binti wetu wa tatu, kitinda mimba wetu, na Koko, ndiye mama yangu mzazi, ambaye miaka yake imepita sabini na magoti yake hayamsikilizi tena.

Tena kulikuwa na sababu ingine. Kifungua mimba wetu aliacha masomo akaenda kuchimba dhahabu Misisi. Alikuwa ametuma neno kwa simu kwamba atakuja, apitie Lulimba na Fizi, tukutane naye kwenye konseri. Tulikuwa hatujamwona karibu miaka miwili. Mke wangu hakusema mengi juu ya hilo, lakini usiku ule alinyoosha nguo zetu mara mbili.

Nani asiyeijua barabara yetu, ile ya kitaifa namba 5? Ukitoka Makobola kwenda Baraka, kushoto ni ziwa, kuume ni milima, na katikati ni mashimo. Tulitoka asubuhi na mapema, jua likipanda juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya maji, na wavuvi wakirudisha mitumbwi yenye ndagala. Tulipopita Swima, pine ya nyuma ikapasuka. Shofere akashuka, akaitazama, akaitazama tena kama vile ingetubu. Pine ya akiba haikuwako. Akapanda nyuma ya motari mmoja kwenda Mboko kutafuta ingine, akatuambia: "Nusu saa tu, Mchungaji." Wasomaji wa upande wetu munajua nusu saa ya shofere iko na dakika ngapi.

Mimi nilikasirika. Nilitembea huku na huku nikitazama saa. Koko aliketi juu ya jiwe, akanyoosha miguu, halafu akainama, akachuma kitu pembeni ya njia, akakitia katika kikwembe chake. Akachuma kingine. Mke wangu akamwambia kwa kucheka:

"Mama, tumetoka kwenda konseri ao tumekuja kuokota mboga?"

Koko akajibu: "Konseri iko mbele. Mboga iko hapa."

Alichokiona Koko

Kitu cha kwanza kilikuwa lengalenga. Hiyo kila mtu anaijua, hata aliyezaliwa mjini, lakini Koko alitaka watoto waone kwamba ziko za namna nyingi: yenye shina la kijani, yenye shina jekundu, na ile yenye miiba midogo penye vikonyo, ambayo inachoma vidole lakini inalika vilevile ikiwa bado changa. Akawaonyesha kuchuma ncha tu, si kung'oa. Ukikata ncha, mmea unatoa matawi mawili pahali pa moja. Lengalenga ina vitu vya kuongeza damu na vya kusaidia macho, na hivyo vya macho vinaingia mwilini vizuri zaidi kama ukiipika na mafuta kidogo. Sisi wa Fizi hatuna shida hapo, kwa maana mingazi imejaa kila pahali na mawese hayatukosi.

Cha pili kilikuwa mlenda wa porini, ule unaoteleza. Cha tatu hakikuchumwa, kilijichuma chenyewe: kitinda mimba alitoka kwenye nyasi na suruali yake ya konseri imejaa vimbegu vyeusi, virefu kama sindano, vyenye meno mawili ao matatu penye ncha. Mama yake akapiga kelele. Koko akacheka sana. Akamwambia, "Mjukuu wangu, hao ni wasafiri. Hawana miguu, hawana feza ya motari, basi wanapanda juu ya nguo yako." Mtoto akakaa chini kuvitoa kimoja kimoja, na kila alipotoa akakitazama. Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Hili linaitwaje? Na lile je? Akaomba biki yangu na kaye ambamo huwa ninaandika mahubiri. Akafungua nyuma, ukurasa wa mwisho, akaanza kuandika majina na kuchora.

Nitakuambia ukweli, msomaji: tangu hapo nilisahau saa.

Njia yote pale ilikuwa na yale maua ya manjano makubwa yanayofanana na alizeti. Watu wanayapanda kuwa ugo, lakini yametoroka, yamefunika kando za barabara kuanzia huku kwetu mpaka Baraka na mbali zaidi. Koko aliyaita majani ya ugo tu, akataka kupita. Mimi nikapata nafasi ya kusema neno, kwa maana hilo nililisoma: alizeti pori hii si ya kwetu, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ililetwa kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Lakini katika miaka ya 1990 wachunguzi wa mashamba huko magharibi mwa Kenya waliona kwamba majani yake mabichi, yakikatwa na kufukiwa katika udongo, yanakuwa mbolea nzuri kwa mahindi. Yana chakula kingi cha mimea. Koko akasikiliza akanijibu, "Na wewe umelijua siku nyingi, umelinyamazia. Shamba langu la mahindi liko nyuma ya ugo." Sikuwa na jibu.

Mbele kidogo tulikuta kichaka cha yale majani machungu ambayo majirani wetu wa bonde la Ruzizi wanaita mubirizi. Kila jamaa ya huku imeyanywa kwa sababu ya tumbo ao homa. Binti wa tatu akasema ni mambo ya zamani hayo. Nikamhadithia jambo la ng'ambo ya ziwa, katika milima ya Mahale, Tanzania. Mwaka wa 1987 mchunguzi mmoja, Michael Huffman, alikuwa akifuata sokwe pamoja na mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde. Wakaona sokwe mmoja wa kike aliye mgonjwa, asiyetaka kula, ameketi anamenya tawi la mti huu. Majani na ganda akayatupa, akatafuna kiini cha ndani na kumeza maji yake machungu. Mzee Seifu alishangaa, akamwambia mwenzake kwamba Watongwe wanauita mjonso na kwamba wao pia wanautumia kwa ugonjwa wa tumbo. Kesho yake yule sokwe alikuwa mzima tena, anakula. Habari hiyo iliandikwa mwaka wa 1989, na wengine wakaendelea kuuchunguza mti huo na minyoo ya tumbo.

Binti akanyamaza. Kisha akachuma jani moja, akalitafuna, akatema mbio. "Sokwe ana moyo," akasema.

Si kila kitu kilikuwa cha kuchumwa. Karibu na takataka za nyumba moja, kitinda mimba alinyoosha mkono kwenye ua jeupe zuri, refu kama baragumu, na chini yake tunda la kijani lenye miiba pande zote. Koko ambaye magoti hayamsikilizi alifika pale kabla yangu, akampiga mkono. Mbegu za majani yale zinamfanya mtu awe kama mwenye wazimu, aone vitu visivyokuwako, kinywa kikauke, moyo ukimbie. Mtoto anaweza kufa. Wazazi, ling'oeni karibu na nyumba zenu, tena munawe mikono. Ninaliandika hapa kwa sababu linapenda kuota pahali pa watu wengi: sokoni, kambini, penye machimbo.

Namba kumi na moja

Tulipofika kwenye bonde dogo penye kijito, Koko alisimama. Kulikuwa na majani marefu mapana, kama ya tangawizi lakini makubwa, na chini kwenye udongo tunda jekundu limechomoza lenyewe bila tawi. Tunaliita tungulu. Ukilipasua ndani ni nyama nyeupe yenye uchachu na mbegu nyeusi ndogo. Watoto wanalipenda. Koko hakuinama kulichuma. Mtoto akauliza mara mbili, "Koko, namba kumi na moja inaitwaje?" na Koko hakujibu.

Nilijua sababu. Wengi wenu munaijua pia.

Mwisho wa mwaka 1998 na siku za kwanza za 1999 watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2010 inasema ni zaidi ya watu 800. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Tulikimbilia milimani. Baba yangu hakufika. Kule juu hatukuweza kuwasha moto mchana kwa sababu moshi ungetuonyesha, basi tulikula vya mbichi: mapera ya porini, tungulu, maji ya kijito. Usiku, palipokuwa na bonde la kuficha moto, Koko alipika mlenda bila chumvi. Kulikuwa na viazi vya mwituni ambavyo vijana wenzangu walitaka kuvila mara moja kwa sababu ya njaa, naye akawazuia kwa fimbo, kwa kuwa viazi vile vina sumu mpaka vikatwe na kulala siku nyingi katika maji yanayotembea. Majuma matatu. Kisha mtumbwi wa usiku, Kigoma, na kambi ya Nyarugusu.

Katika miaka yote ya Nyarugusu na tangu tuliporudi, sikumsikia mama yangu akiwahadithia wajukuu wake habari hiyo hata mara moja. Mimi pia sikuwahadithia. Tulidhani tunawahurumia. Sasa, pembeni ya kijito kile, na motokari yetu imelala nyuma na pine bovu, akamwambia mtoto wa miaka tisa: "Andika tungulu. Hii ndiyo ilimlisha baba yako." Akamtajia jina la jirani yake, mwanamke aliyempa la kwanza kule mlimani, na ambaye hakuvuka ziwa pamoja nasi. Mtoto akaandika majina yote mawili, la tunda na la mtu, kwenye mstari mmoja.

Mke wangu akachuma matunda matano, akayafunga katika kitambaa. Hakuna aliyeyala njiani.

Baraka

Shofere alirudi baada ya saa mbili na nusu. Tukapita Mboko, tukapita Nundu, tukapita Lusenda penye kambi ya ndugu zetu Warundi, tukafika Baraka saa nane na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Konseri ilikuwa imekwisha kuanza. Ninyi munaojua kwaya zetu hamshangai: ilipaswa kuanza saa sita, ikaanza saa nane, basi kuchelewa kwetu hakukuonekana sana.

Ee, uwanja ulikuwa umejaa! Watoto juu ya ukuta, wamama na miavuli, wauza mikate na karanga, vijana wa moto wamesimama juu ya viti vya pikipiki wapate kuona. Jukwaa lilikuwa la mbao, limepambwa matawi ya ngazi na yale maua ya manjano ya ugo. Kitinda mimba akapiga kelele, "Namba nne!" Watu wakageuka.

Nikisema wazi, bafle zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Sijui kwa nini wenye mitambo wanafikiri kwamba Mungu ni kiziwi. Besi ilikuwa inatikisa vifua, na soprano zilikuwa kama filimbi ya polisi. Koko alivumilia nyimbo mbili, halafu akasokota majani ya lengalenga yake, akaziba masikio, na huku anapiga makofi kwa kufuata miguu ya waimbaji. Tukamwondoa tukaenda mwisho kabisa wa uwanja, chini ya mwembe. Na pale, rafiki yangu, pale ndipo konseri ilipokuwa tamu. Umbali ulipunguza ukali wa mashine, ukaacha sauti. Tulisikia alto na tenori zikijibizana, gitaa la solo likipita katikati kama mtoto mwenye kutumwa, ngoma ikiwashika wote. Kwaya moja ya wakimbizi iliimba Kirundi na watu wakaitikia Kibembe. Kwaya ya wazee ilikuja bila chombo chochote, na makofi yao tu yakawainua watu chini kuliko kinanda. Mke wangu, ambaye kwetu ni mke wa mchungaji na anatembea kwa heshima, alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Hapo chini ya mwembe ndipo kijana wetu alipotukuta.

Amekonda. Alivaa koti jipya na miwani ya jua, akamletea mama yake kikwembe na Koko shuka. Tukakumbatiana, tukacheka, hatukuulizana mengi kwa sababu kwaya ya dada yake ilikuwa inapanda. Binti alikuwa na mstari mmoja wa peke yake katika wimbo wa pili. Sauti ikatetemeka mwanzoni, ikatulia, ikapanda. Koko akatoa majani masikioni asikie vizuri, akapiga vigelegele, akataka kwenda mwenyewe mpaka jukwaani kumpa matabishi. Kaka yake akamshika mkono kumsindikiza, wakapenya katikati ya watu. Niliwaona kwa mbali: Koko anampa mjukuu wake faranga 500 na ua la manjano, kijana anainua simu kupiga picha.

Waliporudi, Koko hakuachilia mkono ule. Aliushika kwa mikono yake miwili, akautazama kama alivyotazama majani njiani. Akaniambia kwa Kibembe, ili watoto wa watu wasisikie: mkono huu unatetemeka.

Kijana akasema ni uchovu wa safari. Akachukua chupa ya soda, na sisi wote tukatazama soda ile ikicheza ndani ya chupa.

Moshi usioonekana

Basi tukaketi, na konseri ikaendelea mbele yetu. Niliona nisianze na maneno ya kumkemea. Nikamwambia mdogo wake amwonyeshe kaye. Akaifungua, akasoma majina yote kumi na saba, kaka yake akacheka, akasema: "Kule kwetu kaye hii ingebaki nyeupe. Mlima umefunguliwa wote. Nyekundu tu." Akafikiri. "Isipokuwa hii." Akaonyesha kile kimbegu chenye meno. Mvua ikinyesha, akasema, juu ya malundo ya udongo tuliotupa, hicho ndicho kinaota cha kwanza. Kumbe alikuwa anatazama.

Nikamwambia habari ya Katanga, ambako liko ua dogo, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wenye shaba nyingi ambao unaua mimea mingine. Watafuta madini walilitumia kama alama. Alipendezwa sana, akauliza kama liko la dhahabu. Nikamjibu kwamba la dhahabu silijui. Akacheka tena, na hapo ulimi ukafunguka.

Alikuwa hashuki shimoni tena. Kazi yake ilikuwa kumalizia: wamama wakisha kutwanga mawe na unga kuoshwa, yeye anatia zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri, inakamata vipande vidogo vya dhahabu, inakuwa donge moja. Kisha donge linawekwa motoni, merkiri inapotea, dhahabu inabaki. Mke wangu akauliza, "Inapotea inakwenda wapi?" Kijana akanyamaza. Moto wenyewe alikuwa anauwasha ndani ya nyumba anamolala, usiku, kwa kuogopa wezi, katika sufuria ambayo wakati mwingine waliipikia. Hapati usingizi. Kichwa kinauma. Anakasirika bure. Na mboga wanayokula ni lengalenga inayoota vizuri sana kando ya mabeseni ya kuoshea.

Wazazi na vijana wa machimbo, someni hapa polepole. Zebaki ikichomwa haipotei. Inakuwa mvuke usio na rangi wala harufu, unaingia mapafuni, unakwenda mpaka kwenye ubongo na figo. Kutetemeka, kukosa usingizi, kichwa kuuma, kusahau na hasira ni alama zake. Mvuke ukipoa unaanguka juu ya majani, nguo, sufuria na udongo. Ikiingia mtoni, wadudu wadogo sana wa majini wanaigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia katika samaki. Huko Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulijulikana mwaka wa 1956, na watoto walizaliwa na vilema. Ndiyo sababu mapatano ya mataifa juu ya zebaki, ya mwaka wa 2013, yalipewa jina la mji huo. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaoumizwa zaidi. Na mboga iliyoota pale, hata ukiichemsha, moto hauondoi madini hayo. Lengalenga nzuri yenye kunona inaweza kuwa imenona juu ya kitu kibaya.

Koko akatoa tawi la mubirizi kutoka katika mfuko wake. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila neno.

Siku ya Mungu tuliabudu Baraka. Siku iliyofuata, wakati wa kurudi, kijana alipanda nasi, kwa kusema anawasindikiza dada zake. Tukashuka Nundu penye hospitali. Muuguzi aliyetupokea alimwomba anyooshe vidole, achore mduara, agusishe kidole na pua. Akasema wazi kwamba hakuna jani wala chai ya kutoa zebaki mwilini, Koko amsamehe, na kwamba dawa ya kwanza ni kuacha kuivuta. Mwili ukiachwa kupumzika unaitoa kidogo kidogo, na kutetemeka kwa kijana kunaweza kupungua. Koko alisikiliza, akarudisha tawi mfukoni. "Basi yule sokwe hakuwa na merkiri," akasema.

Kijana alikaa nyumbani mpaka mwezi wa tisa. Ningependa kuwaandikia kwamba alibaki, lakini alirudi Misisi. Ana madeni kule, na mimi sina cha kuyalipa. Lakini hachomi tena ndani ya nyumba. Yeye na wenzake wawili walitengenezesha chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija, mvuke unapita katika mrija, unapoa katika maji, zebaki inarudi kuwa maji maji na kutumika tena, na hilo la kutumika tena ndilo liliwavuta wengine kuliko maneno yote ya afya. Sufuria ya chakula imetengwa. Koko alimtumia mbegu za lengalenga katika karatasi, na udongo aliutoa mbali na mabeseni, akaupanda katika bidoni zilizokatwa. Alitutumia picha. Imeota, na katikati yake, bila mtu kuipanda, kuna mmea mdogo wenye majani matatu matatu.

Kitinda mimba aliitazama picha ile mara moja tu, akasema ni wale wasafiri.

Kaye yake imefika majina 31. Namba 32 iko na picha tu, jani la mviringo lenye manyoya chini, lililotoka ukingoni mwa kijito chetu. Koko anasema jina lake alilijua vizuri, lilikuwa la Kibembe na lilikuwa fupi, na kwamba tusimharakishe.